Mwaka mmoja na mtambo wa biogesi wa mfuko: gesi safi, ila tope halina msimamizi

Nimekaa na huu mtambo mwaka mzima ndo naandika, sikutaka kuandika mwezi wa kwanza maana kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia. Nazungumzia mtambo wa biogesi wa mfuko, sio ule wa kujengea kwa tofali wenye kuba chini ya ardhi, huu ni mfuko mrefu wa turubai zito unalazwa kwenye handaki, kinyesi na maji vinaingia upande mmoja, gesi inajaa juu, tope linatokea upande wa pili. Kampuni siitaji, na sio kwamba naogopa, ni kwamba mikataba ya hizi kampuni inafanana sana na ninachotaka mtu asome kwa makini ni mkataba, sio jina lililochorwa kwenye gari.

Mi nina ng'ombe wanne, wote wa ndani, wanakula na kulala bandani. Zamani kinyesi nilikuwa narundika nyuma ya banda na mkojo unajiendea mferejini. Mvua ikinyesha maji meusi yanashuka mpaka bwawa la huko chini, na lile bwawa limekuwa kijani juu, samaki wanaelea, kwa sababu naitrojeni na fosforasi za kwenye samadi zinalisha mwani, mwani ukifa unaoza na kule kuoza kunamaliza oksijeni ndani ya maji. Nilikuwa najua kabisa. Na nisingeacha kwa kuambiwa tu acha, naomba niseme ukweli hapo, maana lile lundo lilikuwa halinigharimu chochote, waliokuwa wanagharamika ni watu wa chini wanaochota maji. Mchumi wa Uingereza Arthur Pigou aliliandika hili mwaka 1920, kwamba mtu akichafua alafu gharama ikamwangukia mwingine basi atachafua kupita kiasi, na dawa yake ni kumrudishia gharama yake kwa kodi, au kwa upande wa pili kumlipa anayefanya jambo lenye faida kwa wengine. Huu mtambo niliouchukua umekaa upande huo wa pili, wa kulipwa.

Ofa ilikuwa hivi. Bei iligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ruzuku ya mradi, kampuni inalipwa siku mtambo unawashwa na picha ya jiko linawaka ikapigwa. Fungu la pili nalipa mimi, kidogo kidogo kila mwezi kwa simu. Fungu la tatu ni ruzuku pia lakini imezuiwa, kampuni haipewi mpaka mwaka utimie na mkaguzi aje akute mtambo bado unatumika. Hilo fungu la tatu nilipolisikia nilisema hawa watu wamefikiria, maana mitambo mingi ya biogesi duniani imekufa kwa sababu hiyohiyo, pesa yote inatoka siku ya ufunguzi, baada ya hapo hakuna mtu mwenye sababu ya kurudi kuangalia.

Sasa gesi. Gesi naipa tano kwa tano. Ng'ombe wangu wananipa kama kilo 60 za kinyesi kwa siku zinazozolewa bandani, nachanganya na maji ndoo kwa ndoo, kwa hiyo lita 120 zinaingia kila siku. Kilo moja ya kinyesi kibichi inatoa gesi kama lita 30 mpaka 40, hivyo hapo nina kama mita mbili za ujazo kwa siku, jiko la moto mmoja linakula kama lita 400 kwa saa, ukipiga hesabu ni kupika saa tano hivi. Na ndivyo ilivyokuwa kweli, siku za baridi inashuka, maana bakteria wanaofanya kazi humo ndani wanapenda joto la karibu nyuzi 35 na mfuko hauna ukuta wa kuwakinga. Ukiwa unafuga sehemu yenye baridi kali usichukue mfuko, chukua wa kuba unaozikwa ardhini, joto la udongo halipandi na kushuka kama la hewa. Wiki tatu za mwanzo utajaza tu bila kuona kitu, na gesi ya kwanza haiwaki vizuri, usikate tamaa.

Harufu imeisha. Nzi wamepungua sana. Macho ya wapikaji nyumbani hayachomwi na moshi tena, hilo peke yake kwangu lilitosha kulipia awamu zote.

Ila kuna mambo ambayo fundi hakunieleza nikajifunza mwenyewe. Bomba linakusanya maji ya mvuke, usipoyatoa kwenye mtego wa maji moto unaanza kurukaruka alafu unazima. Gesi ina salfa, ile ya harufu ya yai viza, inakula chuma cha jiko, kuna kichujio chenye nyuzi za chuma kinatakiwa kibadilishwe kila kikiwa cheusi, mimi changu kilikaa miezi mitano bila kuguswa mpaka pua za jiko zikaanza kuliwa. Na kila wiki paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanapanda hapo panavuja.

Huduma baada ya kununua, hapo naweka mbili kwa tano, na sababu yake ina somo ndani. Mwezi wa nne valvu ya usalama, ile inayotoa gesi ikizidi kwenye mfuko, iligoma kufunga. Nikapiga kastama kea, nikaambiwa fundi anakuja, wiki ya kwanza hakuja, ya pili meseji hazijibiwi, ya tatu nikaifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli. Miezi sita iliyofuata kimya kabisa. Alafu mwezi wa kumi na moja, bila mimi kupiga simu, wakaja mafundi wawili na gari, wakabadilisha valvu, wakaweka kichujio kipya, wakavuta bomba jipya, wakafunga na mita ya gesi ambayo kumbe ilitakiwa iwepo toka siku ya kwanza. Nikajiuliza kulikoni, nikakumbuka fungu la tatu. Mkaguzi alikuwa anakaribia. Yani pesa iliyowekwa kwenye mwezi wa kumi na mbili ilileta huduma mwezi wa kumi na moja, na miezi yote ya katikati isiyokuwa na pesa haikuletewa mtu. Sio kwamba wale vijana ni wabaya, wamefanya walicholipwa kufanya. Lile fungu lingekatwa vipande vinne, kila robo mwaka kipande kimoja kwa kusoma mita, nina hakika valvu yangu isingekaa na mpira wa baiskeli miezi yote ile.

Na hiyo valvu sio jambo dogo, naomba hapa tusimame kidogo. Gesi hii asilimia 50 hadi 70 ni methani, na methani ikitoka bila kuchomwa inapasha joto dunia kama mara 28 kuliko kabonidayoksaidi uzito kwa uzito ukihesabu kwa miaka 100, ukihesabu kwa miaka 20 ni mara 80 hivi. Kinyesi kilichotawanyika juu ya ardhi kikakauka kwenye hewa hakitoi methani nyingi, methani inatoka pale kinyesi kikiwa majimaji kimefunikwa hakipati hewa, na huo mfuko ndo umetengenezwa hivyohivyo kwa makusudi. Kwa hiyo mtambo unaovuja, au ambao mwenyewe kasafiri gesi inajaa na kujitoa yenyewe kwa valvu kila siku, unaweza ukawa unazalisha uchafu ambao lundo la zamani lisingeuzalisha. Mradi unaolipa ruzuku kwa idadi ya mitambo iliyofungwa hauoni hilo hata kidogo, kwake mtambo wangu wa mwezi wa tano na mtambo wa mtu anayechoma kila tone ni sawa tu, kwenye ripoti kila mmoja ni namba moja. Lipia gesi iliyochomwa, basi. Mita ni kitu kidogo sana ukilinganisha na mfuko wenyewe.

Wajerumani walishajifunza hili kwa gharama kubwa. Sheria yao ya nishati jadidifu ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye mtambo wa biogesi bei nzuri ya umeme anaozalisha kwa hiyo gesi kwa miaka 20, 2004 wakaongeza bonasi kwa anayelisha mtambo mazao ya shambani. Unajua kilichotokea, watu wakaacha kuhangaika na kinyesi wakalima mahindi wakayatia kwenye mitambo, kwa sababu tani ya mahindi inatoa gesi mara nyingi kuliko tani ya kinyesi ambacho sehemu kubwa ni maji. Ikabidi 2009 waongeze bonasi ya kinyesi, na 2012 waweke kikomo mahindi na nafaka yasizidi asilimia 60. Kila mkulima alifuata pesa ilipoelekezwa, na pesa ilikuwa imeelekezwa kwenye umeme, kinyesi kilikuwa ni wazo la pembeni.

Sasa tuje kwenye tope, ambalo wengine wanaliita slari. Hapa ndo penye uzito na hapa ndo nilipoumia.

Hakuna aliyenieleza kwamba kinachoingia ndo kinachotoka. Mi nilidhani kinyesi kinageuka gesi kinaisha. Haiko hivyo. Lita 120 zinaingia, gesi inayotoka siku nzima uzito wake haufiki hata kilo tatu, kwa hiyo karibu lita 120 za tope zinatoka upande wa pili kila siku, kwa mwaka ni zaidi ya lita 43,000. Na ile naitrojeni na fosforasi iliyokuwa inaua bwawa yote imo humohumo, mtambo haujaigusa, tena sehemu ya naitrojeni imegeuka kuwa amonia ambayo mmea unainyonya haraka, ambayo ni habari njema kama imefika kwenye mmea, ila ikimwagwa ovyo inapaa hewani au inashuka mpaka kwenye maji ya chini haraka zaidi. Yani kwa habari ya maji, mtambo peke yake haujasafisha kitu.

Kwenye kifurushi cha kampuni kulikuwa na mfuko, bomba, jiko, na handaki. Shimo la kuhifadhia tope halikuwemo. Wakaelekeza bomba la kutokea kwenye kibonde cha pembeni wakaniambia "hiyo ni mbolea, mwaga shambani". Shamba langu ni dogo. Mwezi wa pili kibonde kikajaa, mvua ikanyesha, na tope likashuka mfereji uleule kwenda bwawa lilelile, sasa likiwa jepesi na linatiririka vizuri kuliko lundo la zamani. Niliumia sana siku ile, nimelipia kitu ili nisichafue na nimechafua kwa kasi zaidi.

Nikakaa kupiga hesabu nilizotakiwa kupigiwa kabla. Kinyesi kibichi kina naitrojeni kama asilimia 0.4 mpaka 0.5, kwa hiyo kilo zangu 60 kwa siku zinaleta kama kilo 90 hadi 110 za naitrojeni kwa mwaka, na hapo mkojo sijauhesabu. Umoja wa Ulaya kwa sheria yake ya naitrati ya mwaka 1991, ya kulinda maji yasichafuliwe na naitrojeni ya mashambani, unamruhusu mkulima kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo yaliyo hatarini. Ukigawanya unaona ng'ombe wanne wanahitaji zaidi kidogo ya nusu hekta ya kupokea tope lao, na mimi sina nusu hekta. Hiyo hesabu inachukua dakika tano, muuzaji angeweza kuifanya akiwa amesimama bandani.

Kilichoniokoa ni jirani wa chini, huyohuyo aliyekuwa analalamikia mfereji. Yeye ana bustani kubwa na ananunua mbolea ya dukani. Tukakaa tukaongea, mi nichimbe shimo lenye sakafu na nilifunike, yeye alete pampu na mpira, tope analichukua bure mwaka wa kwanza, akiona faida tutaongea bei. Mchumi mwingine, Ronald Coase, aliandika mwaka 1960 kwamba anayechafua na anayechafuliwa wakiwa wanajulikana, haki ya nani iko wazi na kukaa kuongea hakuwagharimu sana, wanaweza kumaliza wenyewe kwa makubaliano, na kwa sisi wawili imekuwa kweli, mwaka wa pili unaanza na tayari ananilipa kidogo. Lakini sisi ni wawili na tunaonana kila siku. Bwawa lenye wafugaji mia nne kulizunguka hawawezi kukaa chini ya mti mmoja wakamaliza, kila mtu atasema uchafu ni wa yule, na hakuna wa kupima, kwa sababu huu uchafu hautoki kwenye bomba moja kama wa kiwanda, unatoka kila upande kidogo kidogo.

Kwa wengi hivyo kuna njia nyingine na zimeshajaribiwa. Ziwa Taupo huko New Zealand waliweka kikomo cha naitrojeni yote inayoruhusiwa kuingia ziwani, kila shamba likapewa mgao wake, anayepunguza anaweza kumuuzia mwenzie, na mfuko wa pesa za umma ukanunua migao kutoka kwa wakulima ili naitrojeni hiyo ishuke kwa asilimia 20 na isipande tena. Mi napenda hii kwa sababu imeanzia kwenye maji, wamejiuliza ziwa linabeba kiasi gani ndo wakarudi shambani. Uholanzi walikwenda na daftari, toka 1998 mfugaji akawa anaandika naitrojeni na fosforasi iliyoingia shambani kwa chakula cha mifugo na mbolea, anatoa iliyotoka kwa maziwa, nyama na samadi aliyouza, ikizidi kiwango analipa kodi kwa kila kilo. Lilimfanya mtu afikirie chakula anachonunua, ila lilikuwa na makaratasi mengi, na mahakama ya Ulaya 2003 ikasema halitimizi sheria ya naitrati, 2006 likaachwa. Denmark nako mwaka 2005 walianza kutoza kodi fosforasi ya madini inayoongezwa kwenye chakula cha mifugo, na hii ni nyepesi kusimamia kwa sababu unamkuta msambazaji wa chakula, huendi kuvizia mavi shamba kwa shamba. Nguruwe akipewa kimeng'enya kinachoitwa fitasi anaitumia fosforasi iliyomo tayari kwenye nafaka, kwa hiyo kodi inamsukuma mtu kununua kimeng'enya badala ya madini, na uchafu unapungua kabla haujazaliwa. Hawahawa Denmark wamekubaliana kuanza kutoza gesi za mifugo mwaka 2030.

Halafu kuna suala la usafiri ambalo ndo linaua soko la tope kila mahali. Zaidi ya asilimia 90 ya hili tope ni maji. Jirani wa mita 200 anafaidika, ukimpelekea mtu wa kilomita 20 gharama ya gari imeshapita thamani ya mbolea. Ndo maana Uholanzi kwenye mifugo mingi kuliko ardhi mfugaji halipwi kwa samadi, yeye ndo anamlipa mtu aje aiondoe, na ukishafika hapo kishawishi cha kumwaga usiku kinakuwa kikubwa. Ruzuku ingenisaidia zaidi kwenye shimo na pampu kuliko kwenye mfuko, mfuko ningeulipia mwenyewe kwa sababu gesi inanirudishia.

Kingine kwenye mkataba, ukurasa wa nne, maandishi madogo: krediti zote za kaboni zinazotokana na mtambo, yani vyeti vya gesi chafu iliyozuiwa isiende hewani ambavyo vinauzwa, ni mali ya kampuni kwa miaka kumi. Mi sikatai, wanasema ndo maana bei imeshuka na inawezekana ni kweli, bila hiyo pesa wengi tusingeumudu. Ila mtu ajue anauza kitu. Ukiamka kila asubuhi kuchota kinyesi na kukoroga, huo upunguzaji wa methani wewe ndo unaufanya kwa mikono yako, na mnunuzi wa krediti huko aliko analipa kwa imani kwamba mtambo unafanya kazi kila siku. Uliza miaka mingapi, uliza mtambo ukifa nani anatengeneza na krediti zinaendelea kuhesabiwa au zinasimama, na jibu liandikwe. Mimi niliuliza baada ya kusaini, nikaambiwa zinahesabiwa kwa makadirio ya sampuli, maana yake miezi ile ya mpira wa baiskeli nayo huenda iliuzwa.

Kwa ujumla mtambo wenyewe nne kwa tano, ningenunua tena. Jiko na bomba tatu. Huduma mbili. Mpangilio wa malipo tatu na nusu kwa sababu ya lile fungu lililozuiwa, ni wazo zuri lililofanyiwa nusu ya kazi. Anayefikiria kuchukua, pima ardhi ya kupokea tope kabla hujapima handaki, na kama hauna, ongea na jirani mwenye bustani kabla hujaongea na kampuni. Dai mita siku ya kwanza.

Mkaguzi alikuja wiki iliyopita, dada mmoja mpole sana na tableti yake. Akawasha jiko, akapiga picha moto wa bluu, akasoma mita, akauliza tunapika mara ngapi kwa siku. Nikamwomba aje nyuma aone shimo na mpira wa jirani unavyopeleka tope bustanini, akaja, akafurahi, akauliza maswali mengi kuliko ya kwenye fomu. Alafu akatafuta pa kuliandika hilo kwenye tableti, akashusha, akapandisha, hakukuwa na swali lolote linalohusu tope. Akatoa kalamu akaandika kwenye kiganja chake, akasema atawaeleza ofisini.